Mwache dogo apite, hata jirani akimpiga

JUMAMOSI moja ya kila Novemba, kabla hakujapambazuka, zaidi ya watu nusu milioni wanaingia porini katika jimbo moja tu la Marekani, Wisconsin. Wamevaa vizibao vya rangi ya machungwa inayowaka, bunduki begani, kahawa ya moto kwenye chupa. Ukitaka kuwaketisha watu hao Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye viti 60,000, utaujaza mara nane, na bado wengine watabaki getini wakigombana na walinzi.

Hiyo ndiyo siku ya kwanza ya msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki, msimu wa siku tisa. Kwa watu wa kule ni kama wiki ya dabi. Kuna wanaojali Green Bay Packers kufungwa, na kuna wanaojali zaidi nani kapiga kulungu gani, upande gani wa mto.

Sasa mchukue jamaa mmoja kati yao. Si tajiri. Ana ekari 40, nusu msitu, nusu shamba la zamani lililoota magugu. Amekaa juu ya dungu, mita nne kutoka ardhini, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Saa moja na kitu asubuhi anatokea dume. Dogo kabisa. Umri mwaka mmoja na nusu, pembe nyembamba kama vijiti vya mishikaki, lakini anatembea kifua mbele utadhani msitu wote wa baba yake. Anapita hatua thelathini tu kutoka kwenye dungu. Jamaa anamwangalia kupitia darubini ya bunduki, kisha anashusha mtutu. Anamwacha apite.

Dakika tano baadaye, paa! Mlio unatoka upande wa pili wa seng'enge. Jirani kashamaliza kazi.

Kila Novemba tukio la namna hii linarudiwa mahali fulani katika majimbo yenye kulungu, na ubishi unaozaliwa hapo hauishi hadi Novemba nyingine. Je, huyu jamaa ni muungwana au ni boya?

Si boya. Na sababu zake ni za hesabu kuliko za moyo mzuri, ndiyo maana shabiki wa soka anaweza kuzielewa haraka kuliko hata wawindaji wengi wanavyozielewa.

Kwanza mnyama mwenyewe, maana wengi wakisikia kulungu wanamuwaza mbawala wa misitu ya Afrika Mashariki. Huyu ni kulungu mkia-mweupe, ukoo mwingine kabisa. Akishtuka anainua mkia kama bendera nyeupe, ila usidhani kasalimu amri, hapo anakuaga. Tofauti kubwa iko kichwani. Pembe za mbawala akishaziota ni hizo hizo hadi anakufa. Kulungu wa Marekani pembe zake zinadondoka kila mwaka katikati ya baridi, baada ya msimu wa kupandana, halafu theluji ikishayeyuka anaanza kuota mpya. Zikiwa zinakua zinafunikwa na ngozi laini kama mahameli, na ikifika Septemba anaisugua kwenye miti mpaka inatoka. Novemba anaingia uwanjani na pembe kavu, tayari kwa ugomvi.

Umri ndio unaojenga pembe. Dume wa mwaka mmoja na nusu bado mwili unakua. Chakula kinaenda kwanza kwenye mifupa na misuli, kinachobaki ndicho kinakwenda kichwani. Kilele chake ni kati ya miaka mitano na saba. Kwa hiyo yule dogo wa vijiti vya mishikaki ni mchezaji wa U-17, wala hajapewa jezi ya timu kubwa.

Wataalamu wanasema dume mkubwa anatengenezwa na vitu vitatu: umri, chakula na damu ya ukoo. Damu ya kulungu wa porini huwezi kuigusa. Chakula unaweza kusaidia. Umri hauhitaji mbolea wala trekta, unahitaji mtu asivute kifyatulio. Ndiyo kazi ya bei rahisi kuliko zote, na ndiyo inayowashinda watu wengi kuliko zote.

Sasa hesabu. Ekari 40 si namba ya kubuni. Ardhi kubwa ya Marekani ilipimwa kuanzia 1785 kwa viboksi vya maili moja ya mraba, yaani ekari 640. Gawa kwa nne, kisha gawa tena kwa nne, unapata 40. Ndiyo maana watu wengi wa kawaida kule wana "arobaini" yao. Kwa lugha ya uwanjani, ekari 40 ni viwanja vya mpira 22 na ushee. Inaonekana kubwa mpaka umuulize kulungu. Jike mmoja kwa mwaka anazunguka ekari mia kadhaa. Dume, hasa kipindi cha kutafuta majike, anaweza kuvuka maili nzima ya mraba, ambayo ni zaidi ya viwanja 360. Yaani hiyo arobaini ya jamaa, kwa dume mkubwa, ni kama eneo la kumi na nane. Anaingia, anatoka.

Na sheria inamkumbusha jamaa hivyo hivyo. Marekani kulungu si mali ya mwenye ardhi. Ni wa umma, jimbo ndilo linalomsimamia, linatoa leseni, linapanga msimu na idadi. Mwenye shamba ana miti, ana udongo, ana seng'enge. Mnyama akiruka seng'enge hiyo, kaenda.

Ndipo wapinzani wanapopata hoja yao, na ni hoja nzito. Wanasema: kama mnyama si wako, eneo lako ni dogo, na jirani zako wote wanapiga chochote chenye pembe, unamwacha kwa ajili ya nani? Unamlea ili mwenzako ale? Kwenye soka kila mtu anajua maumivu hayo. Unamtoa kijana mtaani, unampa viatu, unampa namba, siku amechanganya anaondoka bure.

Lakini hoja hiyo inasahau jinsi madume vijana wanavyoishi. Dume akifikisha mwaka na zaidi, mara nyingi anahama alikozaliwa. Nusu yao au zaidi wanafungasha, wengine wanakwenda kilomita kadhaa, na huko wanakofika ndiko wanakojenga maisha. Maana yake mtoto wa kiume aliyezaliwa kwenye arobaini ya jamaa ana nafasi kubwa ya kuondoka hata kama hakuna anayempiga. Na yule dume wa miaka minne atakayekuja kupita chini ya dungu siku moja, kuna uwezekano mkubwa alizaliwa mbali, akaachwa hai na watu watatu au wanne ambao jamaa hajawahi kuwaona. Akademi yako inalea kwa ajili ya wengine, na akademi za wengine zinalea kwa ajili yako. Ukisema unapiga kila dogo kwa sababu jirani atampiga, basi jirani naye anasema hivyo hivyo kuhusu wewe, na wote mnabaki kuwinda U-17 hadi mnazeeka.

Hili lilishawahi kutokea, si nadharia. Mwishoni mwa miaka ya 1980, zaidi ya nusu ya madume waliopigwa Marekani walikuwa wa mwaka mmoja na nusu. Msitu ulikuwa na majike tele na madume watoto. Kutoka Texas, mwaka 1975, Al Brothers na Murphy Ray walikuwa wameshatoa kitabu chao kuhusu kulungu bora, kikihubiri kitu ambacho wawindaji wengi walikiona kichekesho: piga majike wa kutosha, waache madume wadogo. Mwaka 1988 huko South Carolina, Joe Hamilton akaanzisha chama cha kueneza mtazamo huo. Leo dume wa mwaka mmoja na nusu ni kama theluthi tu ya madume wanaopigwa, pengine pungufu. Hawakubadilika kwa kulazimishwa wote. Wengi walishusha mtutu kwa hiari, mmoja mmoja, wakati jirani bado anapiga.

Ila kumwacha dogo peke yake hakutoshi. Kama arobaini yako haina cha kumfanya abaki, unachoacha kipite kinapita kweli. Hapa ndipo kazi ya jembe na msumeno inapoanza, na hapa ndipo pesa nyingi za wamiliki wadogo zinapopotea.

Kosa la kawaida ni la kusajili kabla ya kutengeneza uwanja. Mtu ananunua arobaini, wiki ya kwanza kashaagiza mifuko ya mbegu zenye picha ya dume mwenye pembe kama mti wa Krismasi, kakodi trekta, kalima nusu ekari katikati ya msitu, kamwaga klova na tanipu. Hakupima udongo. Udongo wa msituni mara nyingi una asidi kali. Bila chokaa, mbolea yote aliyoweka mmea hauipati vizuri. Agosti shamba la chakula limegeuka shamba la magugu. Novemba anakaa juu ya dungu akitazama majani ya njano na kuilaumu kampuni ya mbegu.

Wakati huo huo, chakula halisi cha kulungu kiko juu ya kichwa chake na hawezi kukifikia. Msitu uliokomaa, miti imesimama imebanana, matawi yamefunika anga, chini hakuna mwanga. Unaweza kupita na baiskeli. Unapendeza kwa picha, ila kwa kulungu ni uwanja wenye nyasi za plastiki. Mnyama huyu si ng'ombe wa kuchunga majani siku nzima. Anadonoa: majani mapana, vichipukizi, ncha za vijiti, matunda ya porini, na mbegu za mialoni zikidondoka anaacha vyote anazifuata. Anakula kati ya ardhi na chini kidogo ya kimo cha mtu mzima. Kilicho juu ya hapo, kwake ni mapambo.

Dawa yake ni msumeno wa mnyororo. Kata miti isiyo na faida, acha mialoni mizuri ipumue, jua lishuke chini. Mwaka wa pili tu ardhi inalipuka majani, miiba, vichaka na miche. Kuna ufundi mmoja wanaupenda sana: mti mdogo unakatwa sehemu kubwa ya shina lakini hauachiwi, unalazwa taratibu huku ganda la upande mmoja bado limeshika. Unaendelea kuishi ukiwa umelala. Majani yake yanakuwa kwenye kimo cha mdomo wa kulungu, na shina lake linakuwa ukuta wa kujificha nyuma yake. Chakula na kitanda kwa mkato mmoja. Ni kazi ya hatari pia. Mti ulio nusu una nguvu iliyobanwa, unaweza kupasuka na kurudi usoni, na mtu mwenye akili hafanyi hiyo kazi akiwa peke yake.

Lile shamba la zamani lililoota magugu nalo wengi wanalifyeka liwe safi kama bustani ya hoteli. Wanaharibu. Nyasi ndefu zilizochanganyika na vichaka ndipo jike anapomficha mtoto wake siku za mwanzo, akiwa na madoadoa mgongoni, ametulia. Kufyeka kidogo kidogo kwa zamu, au kuchoma kwa moto unaodhibitiwa pale sheria inaporuhusu, kunaliweka hai. Kulungu anapenda pembezoni, pale msitu unapokutana na uwazi. Mwenye arobaini hana eneo kubwa, lakini pembezoni anaweza kuzitengeneza nyingi.

Huku nyumbani mambo haya yanaweza kuchekesha. Mwenye shamba la ekari 40 pembeni ya hifadhi Tanzania hapangi namna ya kumualika mnyama, anapanga namna ya kulala akiwa hai tembo wakija usiku. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa michezo tangu 1977. Lakini hata Wisconsin kuna mkulima wa soya na mahindi anayewaangalia kulungu kama wezi, na jirani yake wa upande wa pili anawapandia klova. Wote wanaishi na wanyama wale wale.

Sasa ukiondoa msumeno na mbegu, kuna kitu kimoja kinachoshinda vyote, na hakiuzwi dukani. Mwenye shamba akae nje ya shamba lake.

Hapa ndipo watu wanapofeli, maana inauma. Mtu kanunua ardhi aifaidi. Jumapili anakwenda kutembea na mbwa. Jumatano anakwenda kubadilisha betri za kamera alizofunga kwenye miti. Ijumaa anawaleta wageni wawaone kulungu. Kila akipita anaacha harufu, na pua ya kulungu ni kama VAR isiyoharibika: inarudi nyuma kutazama nani alipita saa nyingi zilizopita. Mnyama hahami moja kwa moja, anabadili ratiba tu. Anaanza kulala kwa jirani mchana na kuja kula kwako saa sita usiku, wakati sheria haikuruhusu kupiga. Kamera zinaonyesha dume kila usiku, na mwenye shamba anajiona ana bahati mbaya. Hana bahati mbaya. Yeye ndiye shabiki anayeingia uwanjani kila dakika kupiga picha na mchezaji, halafu anashangaa mchezaji kahama timu.

Wanaofaulu na eneo dogo wanatenga sehemu, mara nyingine robo nzima au zaidi, hakuna anayekanyaga kuanzia mwisho wa kiangazi hadi msimu uishe. Njia ya kwenda kwenye dungu inapita ukingoni, inafuata korongo au mpaka, haikatizi katikati. Upepo ukivuma kuelekea walikolala kulungu, mtu anabaki nyumbani, hata kama ni Jumamosi pekee aliyopata ruhusa kazini. Hilo la mwisho ndilo linalotenganisha watu. Mwenye ekari elfu mbili akikosea upepo ana sehemu nyingine kumi za kukaa. Mwenye arobaini akikosea, kashachoma mechi na ya marudiano.

Kwa hiyo udogo wa eneo una faida moja ambayo matajiri wanaisahau. Eneo likiwa katikati ya majirani wanaopiga kelele, wanaozunguka na pikipiki za matairi manne na kufyatua ovyo siku ya kwanza, arobaini iliyotulia inageuka chumba cha kupumzikia. Kulungu wa majirani wote wanajua pa kukimbilia. Yule jirani aliyepiga dogo asubuhi ndiye huyo huyo anayesukuma wakubwa kuingia kwenye kichaka cha jamaa ifikapo saa nne.

Kuna watu wanasikia "acha apite" wakadhani ni kutoua. Wanakosea vibaya. Kipande kisichopendwa cha kazi hii ni kupiga majike. Kulungu mkia-mweupe jike aliyeshiba anazaa mapacha mara nyingi. Bila kupunguzwa, idadi inapanda, msitu unaliwa hadi mstari unaonekana: chini ya kimo cha mdomo hakuna jani, juu ya hapo kijani. Miche ya mialoni haikui tena. Mwanzoni mwa karne ya 20, kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi, Marekani ilibaki na kulungu hawa chini ya nusu milioni. Walikuwa wamewindwa kwa ajili ya soko la nyama na ngozi karibu waishe. Leo wanakaribia milioni 30. Kizazi kilichokua kikiambiwa jike haguswi, ni dhambi, kimeshindwa kubadili wimbo.

Mtu aliyeadhibiwa kwa kuusema ukweli huo anaitwa Aldo Leopold. Kijana, akiwa mtumishi wa misitu kusini-magharibi mwa Marekani, aliamini ukiua mbwa mwitu wote kulungu watajaa na wawindaji watafurahi. Alikuja kuona milima imeliwa ikabaki mifupa, akageuza msimamo. Mwaka 1933 alitoa kitabu kikubwa cha kwanza cha taaluma ya kusimamia wanyama wa kuwindwa, akasema vifaa vilivyowamaliza wanyama ndivyo vitakavyowarudisha: shoka, plau, ng'ombe, moto na bunduki. Mwaka 1943 akawa mjumbe wa tume ya hifadhi ya Wisconsin, na mwaka huo huo jimbo likafungua msimu wa kupiga majike. Zaidi ya kulungu laki moja walipigwa. Wawindaji wakamshukia kama refa aliyetoa penalti dakika ya 90. Miaka iliyofuata siasa ilirudi nyuma, na kulungu wakaendelea kufa njaa kila baridi kali ilipokuja.

Leopold huyo huyo ndiye mmiliki mdogo maarufu kuliko wote. Mwaka 1935 alinunua shamba la ekari 80 kando ya mto Wisconsin, ardhi ya mchanga iliyochoshwa na kilimo, nyumba ilishaungua, limebaki banda la kuku. Kwa kiasi alilitaka liwe kituo cha kuwindia kwa upinde. Akaishia kupanda misonobari na mke wake na watoto watano, maelfu kila mwaka, mingi ikifa kwa ukame, wakipanda tena. Alifariki Aprili 1948 akisaidia kuzima moto kwenye ardhi ya jirani. Ya jirani.

Ujirani ndio mlango ambao wamiliki wadogo wengi hawaugongi. Watu kumi wenye arobaini kila mmoja wana ekari 400, na hapo sasa unaongea lugha ambayo kulungu anaielewa. Vikundi kama hivyo viko katika majimbo mengi. Hawana mkataba wa mahakamani, wanakutana mara moja au mbili kwa mwaka, wanakula nyama choma, wanaonyeshana picha za kamera na kukubaliana: huyu aachwe, majike wapunguzwe hivi. Pennsylvania walikwenda njia ya sheria: kuanzia 2002 dume anayeruhusiwa, sehemu kubwa ya jimbo, awe na ncha tatu au zaidi kwenye pembe moja. Zogo lilikuwa kubwa, Gary Alt aliyeongoza mpango huo alizomewa kwenye mikutano. Lakini madume wakaongezeka umri.

Bado makubaliano ya jirani kwa jirani yanazidi sheria ya jimbo, kwa sababu yanabaki na nafasi ya ubinadamu. Mtoto wa miaka 12 anayewinda na bibi yake kwa mara ya kwanza apige dogo, wala asiambiwe ahesabu ncha. Na mwenye nyumba anayetegemea ile nyama kwenye friza hadi masika, mwache apige anachokiona kihalali. Baadhi ya wapenzi wa madume wakubwa wamekuwa kero kweli: wanamnunia mtu mzima kwa kupiga kulungu halali, kana kwamba kaiba. Klabu ya Boone and Crockett, aliyoianzisha Theodore Roosevelt mwaka 1887, yule yule aliyeshuka Mombasa 1909 kuwinda Afrika Mashariki, ina utaratibu wa kupima pembe kwa inchi, na siku hizi kuna watu hawamuoni mnyama tena, wanaona namba. Hapo ushabiki umepitiliza. Inchi ni matokeo ya umri, msitu na utulivu. Mtu akianza na inchi atawachukia majirani zake wote.

Kuna jambo moja linaloweza kuvuruga hesabu hizi zote, na kulificha ni kumdanganya mwenye shamba. Ni ugonjwa wa kudhoofika unaoshambulia ubongo wa kulungu. Uligunduliwa kwanza Colorado mwaka 1967 kwa wanyama waliofugwa, na mwaka 2002 ukathibitika Wisconsin. Hauna chanjo, hauna tiba, anayeupata anakufa. Unasababishwa na prioni, protini iliyopinda, ambayo inabaki kwenye udongo miaka. Madume wakubwa ndio wanaokutwa nao zaidi kuliko majike. Kwa hiyo mahali ulipoingia, kumwacha dume azeeke si jambo la bure tena, na kumwaga rundo la mahindi ili kulungu wakutanishe midomo ni ujinga. Majimbo mengi yameshaweka vizuizi au marufuku. Haijathibitika kwamba unaruka kwa binadamu, ila mamlaka za afya zinashauri nyama ipimwe na isiliwe ikikutwa nao. Mwenye arobaini katika maeneo hayo anapaswa kusikiliza jimbo lake kwanza na moyo wake baadaye. Huenda akatakiwa kupiga zaidi, wakiwemo wale aliotamani kuwaona wakikua. Msumeno wake, vichaka vyake na ule utulivu bado vina kazi, maana msitu wenye chakula kilichotapakaa kila mahali hauwalazimishi wanyama kula sahani moja.

Pale ambako ugonjwa haujafika, au mamlaka hazijasema vinginevyo, jamaa wa dungu yuko sahihi kushusha mtutu. Atapoteza madogo wengi kwa jirani. Wengine watagongwa na magari, wengine baridi itawachukua. Kati ya watano anaowaacha akiona mmoja miaka mitatu baadaye, kafanya biashara nzuri, kwa sababu akiwapiga wote watano jibu linajulikana.

Mwisho wa Februari, theluji ikianza kulainika, wenye mashamba wanaingia tena kwenye vichaka walivyovifungia. Sasa hakuna wa kumshtua, msimu umekwisha. Wanatembea wameinamisha vichwa wakitafuta pembe zilizodondoka, maana pembe iliyodondoka yenyewe ni ushahidi kwamba mwenye nayo alivuka msimu akiwa hai. Jamaa anapita chini ya mialoni, anazunguka miti iliyolazwa, anafuata njia ya kulungu mpaka kwenye seng'enge. Upande wa pili, hatua kumi hivi ndani ya ardhi ya jirani, kuna pembe imelala juu ya theluji, ncha nne, nzito mkononi ukiikadiria kwa macho. Na jirani naye anakuja kutoka kwake, kichwa chini, bado hajaiona.